Kitabu Kilichongoja Miaka 35

Sisi wa Zinga na Bagamoyo twapenda kusimulia habari za misheni yetu ya mwaka 1868, na za Mapadri Weupe walioondoka Bagamoyo mwaka 1878 kwenda Ziwa Viktoria. Mwezi huu na tuifuate njia yao mpaka kisiwa cha Ukerewe, tumtazame mtumishi mmoja wa misheni aliyezaliwa huko mwaka 1896, jina lake Aniceti Kitereza.

Alisoma katika seminari ya Rubya, akajifunza Kilatini, lakini hakuwa padri. Akaoa, akafanya kazi ya ukarani Mwanza, kisha akarudi kwao kuitumikia misheni ya Kagunguli. Yeye na mkewe Anna walizaa watoto, nao wakafa wangali wadogo. Hakumwacha mkewe, wala hakuoa wa pili. Neno hilo lishikeni, maana bila hilo kitabu chake hakifahamiki vema.

Kitabu chasimulia habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Wakerewe wa zamani, kabla ya kuja Wazungu. Hawana mtoto. Jamaa za mume wamsema mke vibaya, hata wazazi wake waja kumchukua. Myombekere angeweza kuoa mwingine, wala nani angemlaumu? Lakini amfuata mkewe ukweni, na wakwe wamtoza pombe ya ndizi kabla ya kumrudishia. Baadaye wapata dawa kwa mganga, wakajaliwa Ntulanalwo na Bulihwali.

Najua walimu wengine watauliza, mtu wa misheni ana haja gani na waganga? Mimi naona aliandika mambo kama yalivyokuwa, ili vijana wajue jinsi babu zao walivyoishi. Tena niulize na mimi: ni waume wangapi waliobatizwa, katika vijiji vyetu hivi vya pwani, waliomrudisha mke kwao kwa sababu ya utasa, na hali yule asiyeijua Injili alimwendea wake na kumbembeleza?

Alimaliza kukiandika mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa kuwa hakupatikana wa kupiga chapa kitabu kikubwa namna ile kwa lugha ya watu wachache. Padri Almas Simard, mtu wa Kanada aliyemtia moyo, alianza kukifasiri kwa Kifaransa, akafariki kazi haijatimia. Miaka ikapita. Kitereza akawa mzee, maradhi ya viungo yakamtesa. Na katika hali hiyo akaanza kazi ambayo kijana mwenye afya angeikimbia, yaani kukifasiri chote kwa Kiswahili, yeye mwenyewe, kipate kusomwa nchi nzima. Aliyepata kunakili daftari moja la ubatizo ajua vidole viumavyo. Na kitabu hiki kina kurasa zaidi ya 600.

Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikakitoa, nacho kina mwaka 1980. Kilipigwa chapa China, na nakala zilikuwa hazijamfikia mwenyewe alipofariki mwaka 1981.

Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe, alikitoa kwa Kiingereza, akikifasiri kutoka katika Kikerewe kile kile cha mwaka 1945.