Mzazi pia huteleza

Je, mzazi mwenzangu, umewahi kumkaripia mtoto kisha ukagundua kwamba mwenye makosa ni wewe?

Jioni moja nilifika nyumbani saa mbili usiku, nimechoshwa na msongamano wa magari katika barabara ya Thika. Kabla sijavua viatu, kifungua mimba wangu, aliye Gredi ya 4, akaniambia mwalimu anataka katoni na gundi kesho yake asubuhi. Nilifoka. Nikamwita mzembe, majirani wakisikia. Akaenda kulala bila kugusa chakula.

Baadaye nilifungua dayari yake ya shule. Ujumbe wa mwalimu ulikuwapo tangu Jumatatu. Mahali pa sahihi ya mzazi palikuwa patupu.

Sikupata lepe la usingizi. Nilijiambia mimi si mama wa maana. Kesho yake nikamletea chipsi na soda. Alikula kimya, macho chini.

Mpenzi msomaji, hapa ndipo wengi wetu hukosea mara ya pili. Majuto yakituzidi, tunamhonga mtoto kwa zawadi au tunaogopa kumrudi hata anapostahili. Wengine aibu huwageukia hasira, na hasira hiyo humwangukia mtoto yule yule.

Kristin Neff, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechapisha makala kuhusu kujihurumia mwaka wa 2003, hutaja mambo matatu: kujitendea wema, kukumbuka kwamba kila binadamu hukosea, na kulitazama kosa lilivyo, bila kulikuza wala kulificha. Huku si kujidekeza. Jiulize: rafiki yako angekueleza kisa kama hiki, ungemwambia yeye si mama wa maana? Ungemfariji, kisha umhimize akarekebishe.

Nami ndivyo nilivyofanya. Jumamosi niliketi na mwanangu nikamwambia, "Nilikosea kukufokea. Dayari ni mimi sikuisoma. Nisamehe." Sikuongeza "lakini". Ukiongeza neno hilo, msamaha hugeuka lawama.

Akanitazama, akasema, "Hata mimi ningekukumbusha, Mama."

Siku hizi dayari huwekwa mezani kila jioni baada ya chakula, naye ndiye huniletea kalamu.

Kuteleza si kuanguka. Mtoto akimwona mzazi wake akikiri kosa na kulirekebisha, naye hujifunza kukiri yake bila hofu. Kama kuna neno ulilomwambia mwanao wiki hii na bado linakuchoma, leo ni Jumapili. Mwite mketi.