Gharama ya Nyumba Si Thamani Yake

Imezoeleka katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi tabia ya kuipima nyumba kwa risiti. Mtu anapotaka kuuza, kukopa au kuwagawia wanawe urithi, hukusanya stakabadhi za mawe, saruji, nondo na mabati, akajumlisha ujira wa mafundi, kisha akatangaza kwamba hiyo ndiyo thamani ya nyumba yake. Anayempinga huonekana hasidi. Mimi naona kwamba tabia hii inawapotosha wengi. Walimu wetu, ambao baadhi yao wamechukua mikopo ya miaka mingi ili wapate makao katika mitaa hiyo hiyo, wangekuwa wa kwanza kuielewa na kuisahihisha.

Sisemi kwamba gharama haina maana. Wathamini hutumia mbinu tatu kuu. Ya kwanza ni ulinganishi, yaani kutazama nyumba zilizofanana na hii ziliuzwa kwa bei gani karibuni. Ya pili ni mapato, yaani kuihesabu nyumba kwa kodi inayoleta. Ya tatu ndiyo mbinu ya gharama. Mthamini hukadiria gharama ya kuijenga nyumba hiyo upya kwa bei za leo, akatoa uchakavu, kisha akaongeza thamani ya kiwanja. Tazama basi kwamba hata mbinu hii haitegemei risiti za zamani. Saruji iliyonunuliwa mwaka 1985 haitupi habari yoyote ya bei ya leo.

Kiini cha mambo kimo katika neno uchakavu, nalo lina sura tatu. Kuna uchakavu wa mwili: kuta zenye nyufa, mabati yenye kutu na mabomba yanayovuja. Kuna kupitwa na wakati, kama vile chumba kinachofikiwa kwa kupitia chumba kingine. Kisha kuna hasara itokayo nje ya ua, ambayo hakuna fundi awezaye kuirekebisha. Aliyejenga nyumba nzuri karibu na jaa la taka la Dandora anajua maana yake. Ukuta wake ni imara, lakini moshi na uvundo humpunguzia wanunuzi kila kukicha.

Walimu wa hisabati wanaweza kulifunza jambo hili kwa ubao na chaki. Tuchukue tarakimu za kubuni. Nyumba ina mita za mraba 80, na kujenga mita moja ya mraba leo hugharimu Sh50,000. Gharama ya kuijenga upya ni Sh4,000,000. Ikiwa imemaliza miaka 40 kati ya 80 inayotarajiwa kudumu, tunatoa nusu, na kubaki na Sh2,000,000. Hasara itokayo nje tuiweke kuwa Sh500,000. Jengo limebaki na Sh1,500,000. Kiwanja, kwa kulinganishwa na viwanja jirani, kina thamani ya Sh4,500,000. Jumla ni Sh6,000,000. Mwanafunzi ataona mara moja kwamba jengo limepoteza zaidi ya nusu ya thamani yake ilhali ardhi haikuchakaa hata kidogo. Mtalaa wa 8-4-4 uliweka hesabu za kupungua kwa thamani katika kidato cha tatu, na mara nyingi mfano ukawa gari au mashine. Nyumba ni mfano bora zaidi, kwa sababu inamlazimu mwanafunzi kutenganisha kinachochakaa na kisichochakaa.

Sasa tutazame Buruburu. Mtaa huu ulijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola, na nyumba zake zilifuata michoro michache inayofanana. Mahali kama hapo pana ushahidi tele wa mauzo, na mbinu ya ulinganishi ndiyo inayofaa kutangulia. Hata hivyo, wenye nyumba wameongeza vyumba mbele na nyuma, na wengine kando ya barabara ya Mumias South wamegeuza baraza kuwa maduka. Duka lililo kando ya barabara huenda likarudisha gharama yake na ziada. Lakini chumba cha nyongeza kilichoziba dirisha la jikoni na kumaliza ua huenda kikagharimu pesa nyingi na kisiongeze bei hata kidogo. Mnunuzi hanunui jasho la muuzaji. Hununua mahali pa kuishi.

Dandora ina somo jingine. Mradi huo, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 1975, ulikusudia viwanja 6,000 hivi. Mwenye kiwanja alikabidhiwa huduma za msingi kama choo na bafu, akaachiwa ajijengee vilivyosalia. Leo ghorofa za kupangisha zimesimama juu ya viwanja vile vidogo. Anayenunua jengo la aina hiyo hununua kodi ya kila mwezi, na kwa hivyo mbinu ya mapato ndiyo yenye neno la kwanza.

Je, mbinu ya gharama ina mahali pake wapi? Kwanza, katika bima. Moto hauteketezi ardhi. Nyumba ya mfano wetu yafaa kukatiwa bima ya Sh4,000,000, ambazo ni gharama ya kuijenga upya, wala si Sh6,000,000 za sokoni. Akiikatia bima ya Sh2,000,000 tu, kisha moto ukaharibu sehemu ya Sh800,000, kampuni ya bima yaweza kumlipa Sh400,000, kwa hoja kwamba alijikinga nusu. Pili, mbinu hii yafaa kwa majengo yasiyouzwa sokoni: shule, makanisa, misikiti, na kumbi kama ule wa Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940 ambao nyumba zake ni za serikali ya jiji.

Tatu, na hapa ndipo moyo wangu ulipo, ni fidia. Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinadai fidia ya haki, ilipwe kwa ukamilifu na kwa wakati, pale serikali inapotwaa mali ya mtu. Kifungu hicho hicho kimeacha mlango wazi ili hata anayekaa kwa nia njema bila hatimiliki aweze kufidiwa. Mtu wa namna hii hana kiwanja cha kuhesabiwa. Alicho nacho ni jengo. Tukimtolea uchakavu wote, tutamkabidhi bei ya mabati makuukuu, naye hawezi kuezekea paa jipya kwa pesa hizo. Kwa maoni yangu, anayehamishwa kwa lazima afidiwe gharama kamili ya kujenga makao mengine ya kiasi kile kile, bila kukatwa uchakavu. Anayeuza kwa hiari yake ana nafasi ya kusubiri bei nzuri, lakini anayebomolewa hana.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Wathamini, Sura ya 532, inataka kazi hii ifanywe na watu waliosajiliwa. Mwalimu anayekopa asiridhike na tarakimu moja iliyoandikwa chini ya ukurasa wa mwisho wa ripoti. Ana haki ya kuuliza: ni mbinu gani iliyotumika, na kwa nini? Kiwanja kimehesabiwa kiasi gani, na jengo kiasi gani? Uchakavu umetolewa kwa kipimo kipi? Mthamini mwaminifu hataudhika kwa maswali hayo. Anayeyakwepa, heri mkopaji amtafute mwingine kabla hajaweka sahihi ya rehani itakayomfunga miaka 20.