Jeki ya mgongoni: inaingia imesinyaa, inatanukia ndani

Wiki hii kona yetu inaingia thieta. Usikimbie, damu haitakurukia na kiingilio ni bure.

Kila kijiwe kina bingwa wake wa mgongo. Mtajie tu kwamba fulani ameambiwa akapasuliwe, atatikisa kichwa: "Huyo ndio basi tena. Mgongo haukatwi, bwana. Akitoka huko ni kigari cha magurudumu." Maneno hayo hutoka kirahisi kati ya kahawa na kashata, lakini kuna mtu anayasikia, anakunja karatasi yake ya rufaa, anaisukumiza chini ya godoro na kuendelea kumeza vidonge huku mguu unazidi kufa ganzi. Upande wa pili yupo aliyesikia kwamba siku hizi kuna "chuma kinachotanuka", akaamini kila kiuno kinachouma dawa yake ni hicho. Wote wawili wamepotea njia. Kwa hiyo leo tukiangalie hicho chuma: ni kitu gani, kinaingiaje, na kinashindwa wapi.

Ghorofa lenye shokapu

Mgongo wako una pingili 24 zinazojitegemea: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Kati ya pingili na pingili, ukiacha zile mbili za juu kabisa, kuna diski. Nje ni ngumu kama mpira wa tairi, ndani ina ute mzito. Hiyo ndiyo shokapu yako. Pembeni, kila pingili mbili zinaacha tundu, na humo ndimo inamopita mishipa ya fahamu kwenda miguuni.

Diski ikichakaa inanywea. Pingili ya juu inashuka, tundu linakuwa dogo, mshipa unabanwa. Hapo ndipo unasikia umeme unatoka kiunoni, unapita makalioni, unashuka pajani hadi unyayoni. Mara nyingi kasheshe hii huanzia chini kabisa kwenye kiuno, kwa sababu huko ndiko uzito wote unakotua. Wakati mwingine pingili nayo inateleza kwenda mbele, kila ukisimama inasogea, na mshipa unaminywa upya.

Dawa ya mafundi ni rahisi kuitamka: ondoa diski iliyokufa, weka kitu cha kuinua pingili irudi kimo chake, kisha acha mifupa miwili iungane iwe mmoja. Kazi iko kwenye kuifanya.

Kumbe ilianzia kwa farasi!

Miaka ya 1940 huko Honolulu, Hawaii, daktari Ralph Cloward alikuwa akiingia kwa nyuma ya kiuno na kupachika vipande vya mfupa pale diski ilipokuwa. Njia hiyo ilifungua ukurasa mpya, lakini mfupa mtupu una tabia ya kusagika au kuhama kabla haujaungana. Tena kuukata kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe ni kumwongezea kidonda kingine.

Sasa sikiliza uhondo. Miaka ya 1970, katika jimbo la Washington, Marekani, madaktari wa wanyama walikuwa wakihangaika na farasi wanaoyumba kama walevi kwa sababu pingili za shingo zinabana ugwe, ile kamba kuu ya fahamu. Daktari wa mifupa George Bagby akashirikiana nao, Barrie Grant akiwa mmojawapo, wakatengeneza kikapu cha chuma kisichoshika kutu chenye matundu. Ndani wakashindilia chembechembe za mfupa wa farasi huyohuyo. Chuma kikabeba uzito, mfupa ukaota kupitia kwenye matundu, pingili zikaungana.

Wazo hilo likahamia kwa binadamu. Bagby na mwenzake Stephen Kuslich wakapata kizimba cha titaniamu, na mwaka 1996 mamlaka ya dawa ya Marekani ikakiruhusu. Farasi nao hawakusahaulika. Seattle Slew, yule bingwa aliyezoa mataji matatu makubwa ya mbio za Marekani mwaka 1977, alipoanza kuyumba uzeeni alifanyiwa upasuaji wa namna hiyohiyo mwaka 2000. Alifariki Mei 7, 2002, miaka 25 kamili tangu siku aliyoshinda mbio za Kentucky.

Mlango mwembamba, kabati pana

Vizimba vya kwanza vilikuwa na kimo kimoja, na hapo pakazuka taabu. Kama pingili zinatakiwa zitenganishwe milimita 12, kizimba cha milimita 12 lazima kipite kwenye njia iliyosinyaa, pembeni mwa mshipa wa fahamu. Daktari anausogeza mshipa, anagonga kizimba kwa nyundo, na kikiingia kwa nguvu kinaweza kukwangua uso wa pingili au kuujeruhi mshipa. Ni sawa na kulazimisha kabati lipite kwenye mlango wa choo.

Ndipo ikaja akili ya jeki. Fundi gari hasukumi jeki chini ya gari ikiwa imesimama wima. Anaiingiza imelala, akishaiweka pake ndipo anazungusha. Kizimba kinachotanuka ni hivyohivyo. Kinaingia kimesinyaa, tuseme milimita 8, kikishatulia kinanyanyuliwa kidogo kidogo mpaka kimo kinachotakiwa. Kuna vinavyopanda juu tu, kuna vinavyopanuka na ubavuni, na kuna vinavyoinuka zaidi upande wa mbele ili kiuno kirudishe kile kibonde chake cha asili. Vingi ni vya titaniamu, vingine vimechanganywa na plastiki ngumu iitwayo PEEK.

Ndani ya thieta

Mgonjwa analala nusukaputi, kisha anageuzwa kifudifudi juu ya mito maalumu inayoacha tumbo lining'inie. Si mbwembwe hizo. Tumbo lisipobanwa, mishipa ya damu ya mgongoni haijai, na damu inayopotea inapungua. Eksirei inapigwa palepale mezani ili kuhakikisha pingili inayoguswa ndiyo yenyewe.

Daktari anachana ngozi, anasogeza misuli, anatoa kipande cha mfupa wa kiungo cha nyuma upande mmoja ili apate dirisha. Kipande hicho hakitupwi! Kinasafishwa, kinasagwa, kinawekwa akiba. Mshipa wa fahamu unalindwa, diski inakatwa na kukwanguliwa. Nyuso za pingili zinaparuzwa mpaka zitoe damu kidogo, kwa sababu mfupa usiotoa damu hauungani. Lakini zikiparuzwa kupita kiasi zinatoboka, na jeki itakosa sakafu ya kusimamia.

Kisha mfupa uliosagwa unatangulizwa mbele ya nafasi ile. Kizimba kinafuata, kimeshikwa kwenye ncha ya mpini mrefu, kinagongwa polepole hadi kikae pake. Eksirei tena. Ndipo daktari anaanza kuzungusha mpini, na kwenye kioo pingili mbili zinaonekana zikiachana na lile tundu la mshipa likifunguka.

Swali la maana sasa ni moja: azungushe mpaka wapi? Akikomea mapema, mshipa unabaki umebanwa na kizimba kinaweza kuhama. Akipitiliza, anavunja uso wa pingili na kizimba kinazama kwenye mfupa kama mguu wa meza kwenye mchanga. Jeki haina macho, bwana. Inainua chochote ilichowekewa, hata kama kilicho juu yake kinapasuka. Kwa mama mtu mzima ambaye mifupa yake imeshakuwa myepesi, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Ndiyo maana daktari anasikiliza ukinzani kwa mkono huku jicho likiwa kwenye kioo, na baadhi ya mipini imetengenezwa iteleze nguvu ikizidi kipimo.

Kikishafunguka, ndani panabaki uwazi, hivyo mfupa mwingine unasukumwa humo kwa mrija. Mwisho zinafungwa skrubu nne, mbili kila pingili, na fito mbili za kuzishika. Ngozi inashonwa. Wengi husimamishwa kitandani siku inayofuata, ingawa miguu inakuwa ya woga.

Vizimba hivi vina kaka zao wakubwa, vinavyowekwa pale pingili nzima inapoondolewa kwa sababu ya ajali, saratani au kifua kikuu cha mgongo, ule ugonjwa ambao Percivall Pott wa Uingereza aliueleza mwaka 1779. Ila kifua kikuu cha mgongo kwa kawaida hutibiwa kwa dawa. Kisu huja pale ugwe unapobanwa au mgongo unapopinda vibaya.

Tumjibu bingwa wa kijiweni

Hili la kigari cha magurudumu halikutoka hewani, lakini lina chumvi. Ugwe wa mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo kuna nyuzi za fahamu tu, mfano wa mkia wa farasi. Upasuaji mwingi wa kuweka vizimba hufanyika chini ya hapo, kwa hiyo ugwe wenyewe haupo mezani. Hatari zipo, tusidanganyane: mshipa kuumia na mguu kulegea, utando wa fahamu kuchanika, maambukizi, damu kuganda miguuni, mifupa kugoma kuungana. Mtu mzima anaambiwa yote hayo kabla ya kusaini.

Na yule mshabiki wa chuma cha kisasa naye asikie. Tafiti zilizolinganisha vizimba vinavyotanuka na vile vya kimo kimoja hazijaonyesha wazi kwamba mgonjwa wa jeki anapona maumivu zaidi ya mwenzake. Bei, hata hivyo, iko juu. Tena chuma si tiba, ni kishikizi tu. Anayetibu ni mfupa unaoota, na huo unataka miezi 6 hadi 12, pengine na zaidi. Wewe unayevuta sigara unauchelewesha kwa mkono wako mwenyewe, hata daktari awe fundi namna gani.

Halafu tusisahau kwamba maumivu mengi ya kiuno hupoa bila kisu. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Wote hao wakipasuliwa, thieta zitatosha wapi? Wengi hutulia kwa wiki chache, kwa kutembea, mazoezi ya viungo na dawa za kawaida. Kisu kinazungumzwa pale mshipa unapobanwa kweli, pingili inapoteleza, matibabu mengine yamejaribiwa kwa miezi na kipimo cha MRI kinakubaliana na kile mgonjwa anachosikia mguuni.

Ila kuna jambo moja halisubiri wiki. Mkojo ukigoma kutoka au ukijitokea wenyewe, choo kikikushinda kukizuia, sehemu inayokaa kwenye kiti cha baiskeli ikifa ganzi, au mguu ukilegea ghafla, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Kimbia hospitali. Usimpitie mtu wa kuchua, usipite kijiweni.

Kama una karatasi ya rufaa chini ya godoro, itoe leo. Upasuaji wa mgongo unafanyika hapahapa nchini, pale MOI, Muhimbili, ni jambo la miaka mingi. Ukifika mbele ya daktari usikae kama uko msibani. Muulize: Ni mshipa upi umebanwa? Nisipopasuliwa itakuwaje? Kwa nini kizimba hiki na si kile cha bei nafuu? Mifupa yangu ina nguvu ya kukibeba? Daktari mzuri hachukii maswali hayo. Akiyajibu ukaelewa, basi uamuzi utakuwa wako, si wa bingwa wa kahawa na kashata.

Haya, nyoosha mgongo hapo ulipokaa. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.