Songea haikuzaliwa 1897

Ukisoma kuhusu Songea, hukosi sentensi hii: mji ulianza mwaka 1897, Wajerumani walipojenga boma. Nimeichoka. Mkoloni hajengi boma porini pasipo na mtu. Anajenga penye watu wa kutozwa kodi na wa kuamrishwa. Hata jina alilikuta: Songea Mbano, nduna wa Wangoni wa Njelu, ndiye aliyekuwa na watu wake hapa. Mjerumani alimchukulia jina, kisha mwaka 1906 akamuua. Pale Mahenge, kwenye Makumbusho ya Majimaji, lipo kaburi la halaiki la wenzake walionyongwa Februari 27 mwaka huohuo.

Hadi hapo najua wengi tuko pamoja. Tatizo langu linaanzia kwetu wenyewe.

Kila Februari tunaisimulia Songea kana kwamba kabla ya Wangoni palikuwa na nyasi tu. Wangoni walifika katikati ya karne ya 19, kutoka kusini, na walikuja na mkuki. Waliwakuta wenyeji, Wandendeule miongoni mwao, wakiwa na mashamba yao. Waliotekwa wakaitwa sutu. Hao hatuwajengei sanamu. Ila sikiliza Kingoni cha Ruvuma: hakifanani tena na Kizulu, kimeshiba lugha za wenyeji. Nani aliwafundisha kusema watoto wa washindi, kama si mama zao waliotekwa? (Mkuki ulishinda vita, jikoni ukashindwa.)

Nitaambiwa naleta ukabila. Majimaji yenyewe haikuwa vita ya kabila moja. Ilianzia kwa Wamatumbi Julai 1905, ndipo ikafika huku. Ukabila ni kuufanya mji wenye watu zaidi ya 200,000 uwe na babu mmoja tu, wengine wote wageni waalikwa. Mmatengo anayeuza kahawa, Myao mwenye duka, Mndendeule aliyepanga chumba Lizaboni, wote wanafundishwa historia ya mji wao kama habari za jirani.

Sidai Songea Mbano apunguziwe heshima, wala mji ubadilishwe jina. Nadai kitu kidogo: watoto wa shule wanapopangwa mstari kwenda kuliona lile kaburi, anayewaongoza aanze na waliokuwa wakiilima nchi hii kabla ya mkuki wa kwanza. Awataje kwa jina la kabila lao, siyo "wenyeji".