Tulihesabu bei ya rada, mshahara wa mwongoza ndege je?

Msomaji wetu uliyeko Louisville, Columbus au Buffalo bila shaka unaikumbuka hekaheka ya Novemba 2025. Serikali ya Marekani ilikuwa imefungwa tangu Oktoba 1 kwa sababu wanasiasa walishindwa kukubaliana kuhusu bajeti, na kwa siku 43 waongoza ndege walitakiwa kuingia kazini bila kulipwa. Baadhi wakaanza kutoonekana kazini, na mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, ikaamuru safari zipunguzwe katika viwanja 40. Louisville ilikuwamo. Columbus na Buffalo hazikuwamo, lakini hilo halikumsaidia sana mwenye safari ya kwenda msibani Bukoba au Kampala, maana kutoka Buffalo hufiki nyumbani bila kubadilisha ndege New York, Chicago au kwingineko, na huko ndiko panga lilikopita.

Wapo walioshangaa. Takwimu za Wizara ya Kazi za Mei 2024 zinaonyesha kuwa nusu ya waongoza ndege wa Marekani hupata zaidi ya dola 144,580 kwa mwaka, na nusu nyingine chini ya hapo. Mtu wa namna hiyo anakosaje mafuta ya gari ya kwendea kazini? Aliyewahi kukosa malipo mawili mfululizo katika nchi hii, huku ana deni la nyumba na la gari, hahitaji kuelezwa.

Tunalileta jambo hili kwa sababu mshahara huo, mnono au mwembamba, una kanuni ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Vituo vya kuongozea ndege vimepangwa kwa madaraja kuanzia la 4 hadi la 12, kufuatana na wingi wa ndege na ugumu wa kuzipanga. Minara ya Atlanta na O'Hare ya Chicago iko daraja la juu kabisa. Juu ya mshahara wa daraja kuna nyongeza ya eneo. Wengi hudhani nyongeza hiyo hupima ughali wa maisha, kumbe hupima mishahara ya waajiri wengine wa eneo hilo. Columbus na Buffalo kila moja ina eneo lake. Louisville haina, imetupwa katika fungu la "sehemu nyingine zote za Marekani".

Hapo ndipo tunapouliza. Mzigo mkubwa wa Louisville ni wa usiku. Ndege za UPS hutua mfululizo usiku wa manane, kisha huruka tena kabla hakujapambazuka. Ndugu zetu wengi, Wakongo na Wasomali, wanaijua saa hiyo kwa sababu ndiyo saa yao ya kupakua na kupanga vifurushi. Aliye juu mnarani yuko macho saa hiyo hiyo. (Ajali ya ndege ya UPS ya Novemba 4, 2025 ni suala jingine, injini ya kushoto ilichomoka bawani ndege ikiwa inaruka.)

Uchovu si maneno ya kutafutia huruma. Agosti 27, 2006, huko Lexington, jimbo hilo hilo la Kentucky, ndege ya Comair iliruka alfajiri kwa kutumia barabara isiyo yake, fupi, wakafa watu 49 kati ya 50. Wachunguzi waliwatwika marubani kosa hilo. Lakini ilibainika pia kwamba mnarani alikuwamo mtu mmoja tu, naye alikuwa amelala kama saa mbili kabla ya kuingia zamu. Mwongozo wa FAA ulitaka wawe wawili. Mshahara mkubwa wa mtu mmoja haumgeuzi kuwa watu wawili, na FAA ina upungufu wa maelfu ya waongoza ndege.

Wakazi wa Buffalo wanao mfano wao wa jirani. Ng'ambo ya mto, Kanada iliikabidhi kazi hii mwaka 1996 kwa NAV CANADA, shirika lisilogawana faida, linaloishi kwa ada za mashirika ya ndege. Serikali ikifungwa Washington, mwongoza ndege wa Toronto analipwa kama kawaida. Januari 2019, Marekani ilipofungwa siku 35, waongoza ndege wa Kanada waliwatumia wenzao wa Marekani piza. Ukarimu mzuri, ila ni aibu kwa taifa tajiri kuliko yote.

Sasa turudi nyumbani. Watanzania tuliijadili rada ya BAE karibu miaka kumi. Tunajua bei yake, pauni milioni 28. Tunajua Clare Short, aliyekuwa waziri wa Uingereza, aliipinga. Tunajua "chenji ya rada", zile pauni milioni 29.5 zilizorudishwa zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule. Katika mjadala wote ule, nani aliuliza anayekaa mbele ya rada analipwa kiasi gani? Habari zake huwa tunazisikia anapogoma, kama Septemba 2022 walipogoma waongoza ndege wa ASECNA, shirika linalosimamia anga ya nchi nyingi za Afrika Magharibi na Kati, na ambalo Comoro ni mwanachama wake.

Tutaambiwa nchi zetu ni maskini. Hatukubali jibu hilo upesi. Ndege inayopita juu ya Dodoma usiku bila kutua hulipa ada ya kuongozwa, na kazi hiyo huingiza fedha za kigeni. Abiria naye anatozwa. Mkongo wa Louisville anayekwenda kusalimia kwao anaijua Go-Pass iliyoanzishwa 2009, wakati huo dola 50 kwa safari ya nje. Ilielezwa ni ya kuendeleza viwanja, na sisi hatusemi igeuzwe mishahara. Tunasema anayelipa ana haki ya kuona hesabu.

Hatudai mwongoza ndege wa Mwanza alipwe kama wa Columbus. Bei ya unga Mwanza si ya Columbus. Tunadai mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zichapishe ngazi za mishahara ya waongoza ndege kiwanja kwa kiwanja, Dar es Salaam, Zanzibar, Songwe, Kisumu, Entebbe, pamoja na saa za zamu na idadi ya watu wanaotakiwa mnarani kila usiku. Kijana wa Songwe aweze kujilinganisha na wa Dar, kama tulivyolinganisha hapa Louisville na Buffalo.