Tuanze na bonde lipi?



Kila tukikaa kuzungumzia ardhi oevu za mwambao wa Ziwa Nyasa, mtu ananyoosha kidole kwenye bonde lililoharibika kuliko yote: "Tuanze pale!" Mimi nasema hapana. Pale maji yameshahama, mchanga umejaa. Mtamaliza nguvu na hela, na mwaka wa pili hakuna atakayerudi na jembe.

Tuanze na bonde lenye uhai bado. Nenda kiangazi, chimba kidogo: udongo ni mbichi? Matete yanachipua yenyewe? Hilo likipumzishwa, linajirudisha.

Kati ya hayo, tutangulize yaliyo kando ya mito inayoingia ziwani. Mbasa hupanda Mto Ruhuhu kutaga mayai kwenye kokoto. Tope likizifunika, mvuvi anakula hasara yetu sisi wa mashambani. Tena, huku milimani tusiache ngoro. Wazee wa Kimatengo walizichimba ili maji na udongo vibaki mteremkoni. Kutengeneza bonde huku mteremko uko wazi ni kufagia uwanja wakati upepo unavuma.

Najua nyanya na kabichi za bondeni zinalipa kiangazi. Nilishawahi kuwashauri vijana wachimbe mifereji wakaushe bonde. Msimu wa kwanza tulicheka. Msimu wa tatu kisima cha jirani kilikauka, na kina mama wakaanza kufuata maji mbali. Ushauri ule ulikuwa wangu, na sijausahau.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa ziachwe bila shughuli za kuharibu mazingira. Haichagui mkubwa wala mdogo. Ila kwa maoni yangu, wa kwanza kutoka tuwe sisi tunaolima kwa biashara, siyo mama mwenye matuta mawili ya mboga. Sisi tunaweza kukodi shamba juu kidogo na kuvuta maji kwa pampu, kwa kibali. Yeye ataenda wapi?

Wiki hii chukua kamba, pima mita zako 60. Kama umepanda milingoti bondeni, ing'oe, inakunywa maji mno. Kisha ndiyo uende kwenye mkutano wa kijiji kuzungumzia bonde la mwenzako.