Mbao yenye dawa: mchwa inakimbia, lakini jua na mvua vinaendelea kula

Ku Bunia, wenye kujenga wengi wananunua libuyu ao eucalyptus, wanaipaka vidange, yale mafuta meusi ya injini, wanasema kazi imekwisha. Kiisha majira mbili za mvua mlango umekuwa rangi ya majivu, umejipinda, umepasuka. Muuzaji anaitwa mwongo. Mara ingine ni mwongo kweli.

Lakini mbao iko na maadui wa namna mbili. Mchwa, vidudu na kuvu vinaikula; ku ile dawa inasaidia. Jua na mvua ni habari ingine. Jua inavunja lignini, ile gundi ya asili yenye kushikamanisha nyuzi za muti, mvua inaiosha. Mbao inavimba, inakauka, inapasuka, na maji inaingia ndani mule dawa haikufika.

Dawa ya boroni inafaa chini ya mabati; inje mvua inaiondosha. Ile ya shaba, kromu na arseniki, yenye kuacha rangi ya kijani ku nguzo za umeme, inavumilia zaidi, na kromu inapunguza kidogo kazi ya jua. Lakini arseniki ni sumu. Ulaya iliizuia ku mbao za nyumba tangu 2004. Mama mwenye kuokota vipande vya nguzo kama hiyo kwa kupika maharagi, moshi na majivu yake ni hatari kwa watoto.

Vidange nayo haiingie ndani sana. Inaficha jua wakati kidogo, kisha inashuka ku udongo na uchafu wa vyuma vyake, pengine karibu na kisima. Tena rangi haishike juu yake.

Hasara kubwa inaanzia ku depo. Mbao inatoka Mambasa, inapita Komanda, inafika ingali mbichi. Barabara ikifungwa sababu ya usalama, nani atangojea ikauke? Ukiipaka ikiwa mbichi, dawa haipate nafasi ya kuingia, maji inabakia ndani.

Moyo mwekundu wa libuyu haukubali dawa kwa urahisi, na unajitetea wenyewe kiasi. Sehemu nyeupe ya kando njo inaliwa mbele. Ile njo ya kutia dawa. Kisha mbao ikikauka kwenye kivuli, ipakwe rangi, irudiliwe kila ikianza kubanduka, na mabati ipite ukuta vya kutosha ili mvua isipige mlango.